Nzembi wa Dagoretti Corner, Aliyesoma Kichwa cha Karatasi

Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa tano asubuhi, katika ukumbi ulio nyuma ya Dagoretti Corner, watu wa mtaa wetu walitoa zahanati yao kwa soda na mkate. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, mfua nguo aitwaye Nzembi. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini jumuiya yetu imeniomba niandike maisha yake kwa sababu niliishi naye miaka thelathini na tatu. Naandika kwa aibu.

Alizaliwa Mwingi mwaka 1970, binti wa Mutie mchonga mizinga. Hakusoma, shule ilikuwa mbali na mbuzi walikuwa karibu. Mwaka 1991 aliolewa na Kivuva, ambaye ndiye mimi, akaja Nairobi kufua nguo Kilimani kwa Mama Vidya, mwalimu mstaafu. Wito wake ulianza siku alipomnywesha mtoto wetu Kaindi dawa ya kupaka. Mungu alimponya mtoto, lakini Nzembi alilia wiki nzima, kisha akaingia gumbaru, darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, pamoja na wazee. Kila alipomaliza kupiga pasi, Mama Vidya alimpa gazeti. Alisoma kila kitu kuanzia juu, hata pakiti ya chumvi.

Siku ile ukumbini wakubwa wa serikali walisema wamekuja kusikia maoni ya wananchi. Maoni yenyewe hawakuyasikia. Walipitisha karatasi iliyokunjwa sehemu ya juu, wakasema ni ya mahudhurio, andika jina uchukue soda na mkate. Nzembi aliikunjua, akasimama. "Hapa juu pameandikwa, 'Wakazi waliokubali kiwanja cha zahanati kitumike vingine.' Nani amekubali?" Watu walicheka, wakamwita profesa wa gumbaru. Mimi nilimvuta leso nikamwambia aketi, ananiaibisha. Alitoka nje. Alipotoka, niliandika jina langu, na chini yake nikaandika lake, nikapewa soda mbili.

Mwezi wa sita zahanati ilibomolewa. Nzembi alienda mjini, kwenye ofisi moja ya wakubwa, kupeleka malalamiko, nami nikamfuata. Afisa alifungua faili akamwonyesha nambari sitini na mbili. "Mama, si huyu ni wewe? Ulikubali mwenyewe." Nzembi aliutambua mwandiko wangu, ile N ninayoiandika kinyume. Hakunitazama. Alisema, "Jina ni langu," akaaga kwa heshima. Mpaka leo sijui mtu hupata wapi nguvu ya kusema maneno hayo matatu.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata alishikwa na nimonia. Pale palipokuwa na zahanati palikuwa na maegesho ya magari. Tulihangaika hadi Kinoo kutafuta kitanda, tukakipata tumechelewa. Kabla hajafariki aliniuliza, "Baba Kaindi, zile soda zilikuwa za rangi gani?" Nikamwambia za machungwa. Akatabasamu. "Afadhali. Zile nyeusi zingekuletea gesi." Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Aprili 2024, na kuhusu jambo lile hakunilaumu hata mara moja.

Wakubwa husema kwenye redio kwamba tu maskini kwa sababu ya uvivu na kuzaa ovyo. Waongo. Tu maskini kwa sababu wao hukunja karatasi. Ila karatasi haijitii sahihi, na aliyewatilia ni mimi. Novemba iliyofuata walirudi, safari hii wakitaka soko. Karatasi ilipita mikono mia mbili. Kila mtu aliikunjua, hata mzee Muasya asiyejua kusoma aliigeuzageuza, akamwuliza jirani, "Huko juu wanasemaje?" Ilirudi mbele haina jina hata moja, na soko lipo hadi leo. Kina mama waliokaa safu ya nyuma wanaapa kwamba karatasi ilipopita walisikia harufu ya sabuni ya kufulia. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, vijana wanawasomea wazee matangazo ya serikali, kuanzia juu, bila kuruka mstari. Anayetaka kumwiga Nzembi aanzie hapo. Haihitaji shule kubwa wala mfadhili.

Jumuiya sasa humaliza sala kwa kusema, "Nzembi, utuombee." Wote huitikia, mimi nanyamaza. Nimemwuliza padri mara mbili: mtu aliyeuza jina la mwenzake kwa soda, anaruhusiwa kuliita jina hilo limwombee?