Mafuta ya Mama na Bunduki ya Baba

Mafuta ya mkia wa kondoo yakianza kuyeyuka motoni, mimi hutoka nje. Majirani zangu hapa Kijenge wanadhani najidai. Wacha wadhani. Ninyi nitawaambia, maana najua hamtanicheka: kwenye harufu ile namwona baba yangu amechuchumaa, anapaka bunduki mafuta, na wivu unanirudia kama vile bado ni mtoto.

Baba, jina lake Mabruki, alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, katika boma la Arusha. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ile ya risasi moja moja yenye moshi mwingi. Kabla yake ilikwisha kubebwa na askari wengine, na hao walikuwa wamekufa au wamechakaa. Yenyewe haikuchakaa. Ilitumbukia mtoni, ikakanyagwa na punda, ikalala kwenye matope ya mlimani, na bado ukiifyatua inaitika. "Hii ukiitunza haifi," baba alikuwa akisema, tena kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kusemeshwa nayo hata siku moja.

Baruti ya risasi zile ilikula chuma. Kwa hiyo kila akirudi kutoka kupiga shabaha, maji ya kwanza kuchemka yalikuwa ya bunduki, na sisi na njaa zetu tuliingoja sufuria ileile. Aliumwagia mtutu maji, akaupitishia kitambaa ndani mpaka kikatoka cheupe, ndipo akapaka mafuta. Miguu yangu ilikuwa imepasuka kwa baridi, naye hakuiona. Kitako cha bunduki kiling'aa ungeweza kujitazama. Wake wa askari walimtania mama: "Shoga, mke mkubwa keshaoga? Haya, nawe subiri zamu yako." Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Masika moja mama akajifungua mtoto wa kiume. Koko, mama yake mama, akaja kutoka Elerai akimvuta kondoo dume aliyemnenepesha kwa ajili hiyo tu. Kwetu Waarusha mzazi hunyweshwa mafuta ya kondoo wake, apate nguvu na maziwa. Kondoo akachinjwa, yakatoka mafuta ya kujaza kibuyu kimoja, kikawekwa kichwani pa kitanda.

Na mvua zile zilileta kutu. Mafuta ya bunduki yalitoka bomani, lakini yalipitia mikononi mwa Ombasha Songoro, mkubwa wa kikosi cha baba, naye aliyapeleka kwa wenye maduka. Namtaja kwa jina, hata kama ana wajukuu. Alikuwa anaiba mafuta, halafu yeye huyohuyo anakagua kutu na kushika kiboko.

Sasa, mkwe haingii alipo mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Baba akasimama nje, mimi nikawekwa mlangoni kupeleka maneno.

"Mwambie bibi yako naomba mafuta kidogo. Kesho tunakaguliwa."

Hata sikuhitaji kufungua kinywa. Koko alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka bomani: "Mwambie baba yako, hiyo bunduki imezaa lini?"

Wanawake waliokuwa uani wakaangua kicheko.

"Mwambie nitachapwa."

"Mwambie achapwe! Mgongo wake utapona. Maziwa ya mwanangu yakikauka, nitayatoa wapi?"

Hapo baba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaingia. Koko, kwa aibu, akajifunika nguo gubigubi na kugeukia ukutani. Hakuweza kumtazama wala kumshika. Adabu ambayo ingemzuia baba mlangoni ikawa imemfunga mikono Koko. Mama alinyoosha mkono, akakosa nguvu ya kuinuka. Baba akaondoka na kibuyu kizima.

Bunduki ilipita. Baba alirudi anachekelea, akatusimulia jinsi Songoro alivyoukagua mtutu na kusema kwamba hii itatuzika sote. Kibuyuni yalibaki machache, meusi kwa masizi ya baruti. Koko aliyamwaga. Siku hiyohiyo akarudi Elerai, kwa sababu hakuweza tena kukaa kwenye nyumba alimovunjiwa heshima, na mama akabaki hana mafuta wala wa kumuuguza. Maziwa yakakatika. Ndugu yangu alikufa kabla mvua hazijaisha, hajapewa hata jina.

Miaka mingi niliamini kwamba baba aliipenda ile bunduki kuliko sisi. Nikaolewa, Mdachi akaondoka, nikazaa wangu, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaiogopa. Maji ya moto, kitambaa, mafuta, yote yale yalikuwa woga wa mtu anayejua kwamba kesho ataulizwa. Nimeelewa, lakini wivu haujatoka. Maana sisi, nani alikuja kutukagua?