Mafuta ya Bega la Appunni

Mume wangu Appunni ana mdomo, jamani. Tangu anioe sijamwona amenyamaza ila akiwa na ngoma, na hata hapo fimbo zake humsemea. Ukoo wao ndio unaopiga ngoma za hekalu letu tangu enzi za mababu, na siku ya sikukuu yeye ndiye husimama katikati ya safu ya mbele, uso kwa uso na tembo waliopambwa. Ni mwembamba kama ufito. Halali vizuri, na hadithi hazimalizi, huziacha njiani akaanza nyingine.

Mwaka ule, kabla ya mvua, bega lake la kulia liliganda. Mkono haukupita kifua. Nikawa namchana nywele na kumvalisha shati, na yeye anacheka tu, anasema amepata mama wa pili. Lakini sikukuu ilikuwa inakuja mara mvua zitakapokwisha, na anayetoka pale katikati hapati tena kurudi. Binamu yake, Govindankutty, alikuwa ameshaanza kupita uani kwetu, fimbo kwapani, akiulizia lile bega kwa huruma ya fisi kwa mbuzi mgonjwa. Siku moja Appunni akasema kwamba, kwa kweli, ngoma zimemchosha. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamkokota hadi kwa mganga.

Mganga wetu, Savithri, ni wa rika la binti yetu Sudha, ingawa hutuita kaka na dada. Uganga aliurithi kwa baba yake. Alimshika Appunni mshipa wa mkono, akamtazama ulimi, akamuuliza analalaje, anakula nini, choo kikoje, anaota nini. Kila swali likajibiwa kwa hadithi. Savithri akacheka, akasema kila mtu ameumbwa kwa upepo, moto na belghamu, ila vipimo havilingani, na kimoja kikizidi ndipo mwili unapogoma.

"Kaka ni upepo mtupu," akasema. "Umepanda, umemkausha bega. Tutampasha joto, tutamlainisha, na tutamnyamazisha."

Basi mwezi wote wa Karkidakam, ndio mwezi wetu wa tiba, mvua ikipiga paa, Appunni asuguliwe mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, ale uji wa mchele wenye uwatu na majani ya dawa, asiguse kitu baridi, asikeshe, asipige ngoma hata kwa vidole mezani, na maneno ayapunguze. Nikafurahi kusikia hilo la mwisho. Kumbe na mimi nina zamu yangu.

"Dada Thankamani ni moto," akasema Savithri. "Moto na upepo vikikutana, nyumba huungua. Usimgombeze mpaka mvua ziishe."

Nikafoka kwamba mimi sina hasira kabisa, na wagonjwa waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

Nyumba ikawa kimya mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Appunni aling'aa kama biringani. Akaanza kulala, akanenepa mashavu, ila mkono ulipanda kidogo tu, ukakwama. Mimi namtazama, namwonea wivu. Goti langu nalo lilikuwa likilalamika siku nyingi, na yale mafuta yalinukia vizuri mno kubaki chini ya sufuria. Nikajiambia, dawa ni dawa. Kila asubuhi akienda kuoga, nikawa najisugua yaliyobaki, kisha nakomba uji wake, naongeza na pilipili manga ili unipate vizuri.

Ulinipata. Mwili ukanitoka vipele, macho yakawa mekundu, tumbo likawaka kama jiko. Nikalala mkekani, sitaki hata kanga iniguse mgongo. Savithri alipofika hakunishika hata mshipa, alinusa tu.

"Dada, umejipaka mafuta ya kaka?"

Nikatazama ukutani.

"Dawa si ya bega, wala si ya goti," akasema. "Ni ya mwenye bega na mwenye goti. Yeye alikuwa baridi na mkavu, tukampasha. Wewe unawaka tayari, halafu umejimwagia mafuta ya taa."

Akaagiza ninywe maji ya giligilani na ya dafu, nipakwe sandali iliyosagwa, pilipili nisiione kwa macho, na nipepewe.

Appunni alinihudumia, siwezi kusema uongo. Alisaga sandali kwa mkono wa kushoto, akaja kukaa kando yangu na upepeo wa ukindu. Alinipepea mchana kutwa, na masharti ya kunyamaza akayasahau, akaanza kunisimulia kisa cha tembo aliyekataa kuondoka hekaluni mpaka apewe ndizi za kuhani. Nilikuwa nimefumba macho. Upepo ulinijia polepole, ukaongeza kasi, ukashika mwendo, na mwendo ule naujua tangu nilipoolewa, ndio ule wa sikukuu unapokaribia kilele. Ulikuwa unatoka juu. Nikafumbua macho.

"Baba Sudha," nikamwambia, "mkono wako."

Upepeo alikuwa ameushika kwa mkono wa kulia, juu ya kichwa. Akautazama. Kisa cha tembo kikamkatikia mdomoni, na Appunni wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa neno. Nikalia mimi. Akaogopa machozi yatanizidishia joto, akanipepea kwa nguvu zaidi.

Mvua zilipokwisha, alisimama katikati, fimbo zikipanda na kushuka hadi jasho likamlowesha shuka kiunoni. Govindankutty alikuwa safu ya pili, anamfuata. Nilipiga kelele, nikaruka, nikasukumana na watu kama kichaa. Savithri alikuwa karibu, akanigeukia kwa lile jicho la mganga.

"Leo niache niwake," nikamwambia.