Sifa za Farasi Aliyefika Mwisho

Saa tano asubuhi, Tserenpil amesimama kwenye mstari wa mwisho wa mbio katika bonde la Harganat, kofia mkononi, anakohoa kusafisha koo. Farasi wa kwanza wamekwisha kufika. Watu wamewazunguka, wanachota jasho la farasi kwa vidole na kujipaka kwenye paji la uso kutafuta bahati. Yeye hata hageuki. Macho yake yako upande vumbi linakotokea.

Tserenpil, mwenye umri wa miaka sitini na nane, ni mchunga kondoo mwaka mzima. Siku moja tu, sikukuu ya mwezi wa saba, huwa mwimba sifa. Farasi watano wa mbele wana mwimbaji wao, kijana mwenye kipaza sauti na joho jipya la hariri. Tserenpil ni wa yule wa mwisho.

"Wa mbele kila mtu anamkimbilia," anasema. "Wangu mimi lazima asubiriwe."

Katika mbio za farasi wa miaka miwili, anayefika nyuma ya wote huitwa bayan hodood, yaani tumbo tajiri. Huletwa mbele ya watu, akamwagiwa makalioni matone ya airag, maziwa ya farasi yaliyochachuka, kisha akaimbiwa sifa zake. Farasi wakubwa hawana heshima hiyo. Mkubwa akishindwa anarudi zake nyumbani kimyakimya.

Jina hilo limetoka wapi? Ukiuliza watu watatu utapata majibu matatu na ugomvi juu yake. Wapo wanaosema ni dua, kwamba mwakani tumbo lako lijae ushindi. Wapo wanaosema ni adabu tu, ili neno "wa mwisho" lisitamkwe mbele ya mtoto, maana farasi wa miaka miwili bado ni mtoto. Tserenpil ameshikilia la marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa mwimba sifa.

"Tumbo ni tumbo," anasema huku akijipiga la kwake. "Amekimbia ameshiba. Sasa nani kamshibisha? Mfungaji. Kosa la farasi liko wapi hapo?"

Mfungaji ndivyo tunavyomwita anayemwandaa farasi wa mbio, kwa sababu kazi yake kubwa ni kumfunga kamba asile ovyo, mpaka tumbo liingie ndani. Akimfungua mapema, farasi hubeba nyasi juu ya kumbeba mpanda.

Zamani hakuna aliyethubutu kuondoka uwanjani kabla tumbo tajiri hajafika. Hata waliokuwa wakikaanga hushur, sambusa za nyama, waliziacha zikaungua, wakaja kusikiliza. Tserenpil mwenyewe, akiwa mpanda wa miaka saba, aliwahi kufika nyuma ya wote, analia, na aliyemsubiri mstarini alikuwa baba yake.

"Baba akaimba kwamba farasi hana kosa, mpanda wake ndiye aliyesinzia. Mpanda mwenyewe mimi," anasimulia, na machozi yanamlengalenga. "Watu wakacheka, na mimi nikacheka na makamasi yangu. Sijapata kupendwa na watu wengi namna ile tena."

Siku hizi mambo yamegeuka. Wenye farasi hufuata mbio kwa magari, na akiona wake anajikokota nyuma, mtu humtoa njiani kabla hajafika kwenye kamera za simu. Akitolewa huyo, aliyekuwa mbele yake ndiye anakuwa wa mwisho, naye hutolewa. Kwa miaka mitatu hakuna aliyefika nyuma katika bonde letu. Tumekuwa watu wa kushinda tu, na inasikitisha.

Mwaka jana aliyetolewa mwisho alikuwa farasi wa Tserenpil mwenyewe, na aliyemtoa ni mwanawe, Erdene. Mzee aliimba sifa zote peke yake, ameelekea nyika tupu.

"Niliwaimbia matairi," anasema.

Erdene, dereva wa jipu la kijivu, hakani. "Baba anaimba vizuri, sikatai. Lakini wimbo ukiisha umeisha. Picha inabaki kwenye simu za watu."

Kamati ya sikukuu nayo imekwisha kumwambia mzee: mwaka huu asipofika farasi wa mwisho, sifa za wa mwisho zinaondolewa kwenye ratiba, na muda wake wanapewa wacheza mieleka. Ndiyo maana macho yake hayabanduki njiani.

Vumbi linatokea. Ni farasi mmoja tu, mwekundu, mwendo wake wa kuchoka, na juu yake msichana mwenye fulana ya kijani. Mwanamke aliyesimama karibu na Tserenpil anavuta pumzi. Ni Handsuren, mjane. Mumewe, aliyekuwa mfungaji, alifariki majira ya baridi, na mpanda huyo ni binti yao.

"Ni wa kwako?" Tserenpil anamuuliza.

"Wa kwangu, mzee. Nimemfunga mwenyewe."

"Ulimfunga sawasawa?"

"Alikuwa analia kambani, akiniangalia. Nikawa namfungua ale."

"Mara nyingi?"

"Mzee, usiniulize."

Jipu la kijivu linatokea nyuma ya kilima, linamfikia farasi mwekundu na kusimama. Mlango unafunguka. Erdene anashuka, anamsogelea mtoto. Tserenpil anaikunja kofia yake mikononi.

"Amwache," anasema polepole. "Jamani, amwache afike."

Msichana anatikisa kichwa. Erdene anarudi garini. Farasi anaanza tena kutembea, na jipu linamfuata kwa mbali, taratibu, lisimtimulie vumbi.

Anapovuka mstari, waliokuwa wakielekea kwenye mieleka wanageuka. Tserenpil anashika hatamu, na sauti inayotoka ni kubwa kuliko mwili wake:

"Miguu yako haina lawama, ewe mwekundu,
njia ndiyo yenye mashimo ya panya.
Wote waliotangulia umewaswaga wewe,
kama mchunga aliye nyuma ya kundi lake.
Mfungaji wako ndiye mwenye huruma nyingi,
amekupa nyasi, ukaja na tumbo tajiri.
Mwakani vumbi lako tutalila sisi."

"Kweli kabisa, ni mimi," anasema Handsuren kwenye ule mstari wa mfungaji, na watu wanaangua kicheko. Naye anacheka, kisha analia, kisha anacheka tena. Binti yake, juu ya farasi, anapewa bakuli la airag na kulimaliza mbele ya simu zote.

"Nilimwambia mtoto apande gari, asipigwe picha," Erdene anaeleza, akijikuna shingo. "Akaniuliza, kwani wewe ndiye mama yangu?"

Sifa zimebaki kwenye ratiba. Handsuren anapoulizwa matumaini yake ya mwakani, hafikirii sana. "Nafasi ya pili kutoka mwisho inatosha. Nitajifunza kumfunga."

Tserenpil anavaa kofia yake iliyokunjamana. "Basi mwakani mimi nitamwimbia nani?"

Erdene ameinama, anafuta vumbi kwenye taa za jipu lake. Hainui uso.

"Wetu mdogo yupo, baba."