Mama Monica na Sala ya Saa Saba

Kwenye yadi moja ya makontena pale Kurasini kuna mwanamke anapika wali wa nazi ambao ukiula Jumatatu, Jumanne unaamka unaufikiria. Jina lake la ubatizo ni Flaviana, lakini ukiulizia Flaviana yadini watakutazama tu. Pale ni Mama Monica. Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa na mimba ya huyo Monica, ambaye leo ni mwalimu, ana watoto wawili, na Jumapili analala mpaka jua lipande. Mama yake hamgombezi. Saa kumi na mbili asubuhi anakwenda misani peke yake, anakaa benchi la mbele, maana siku hizi mabenchi ya mbele hayagombaniwi.

Siku za kazi anawahi yadini kuwasha mkaa. Saa saba mchana makuli na madereva wanajipanga, kila mtu anachukua sahani yake na kukaa juu ya mbao. Sahani ya mwisho ikishatoka, Mama Monica anagonga mfuniko kwa mwiko, mara moja, anafumba macho na kuomba kwa sauti. Sala yenyewe fupi, lakini ina majina. Atamtaja dereva aliyelala njiani Tunduma na gari bovu, atataja mgongo wa fulani, atataja mtoto wa fulani anayefanya mtihani. Nusu ya wanaume wale ni Waislamu, na hakuna anayetia mkono kwenye wali kabla hajamaliza. Yeye hajawahi kumwomba mtu amsubiri. Siku ya kwanza, miaka tisa iliyopita, alifumbua macho akakuta wamemsubiri.

Basi mwezi wa tatu akaletwa msimamizi mpya, kijana nadhifu aitwaye Allen. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Asubuhi moja alimwita Mama Monica pembeni, akamwamkia vizuri, kisha akasema hapa ni kazini, wateja wa kila namna wanapita, mambo ya dini yabaki nyumbani.

"Ukitaka kuomba, mama, omba kimoyomoyo. Vinginevyo nitatafuta mpishi mwingine. Sitaki tufike huko."

Mama Monica alisema sawa. Alisema sawa kwa sababu aliogopa, na aibu ya ile sawa alishinda nayo asubuhi nzima. Mwanamke aliyepika jirani na bandari miaka yote hiyo bila kumficha Mungu wake, leo anamficha kwa neno moja la kijana wa umri wa mwanawe!

Saa saba ikafika. Akapakua sahani ya mwisho, akaweka mwiko chini, akainamisha kichwa na kuomba kimya. Alipoinua uso, wanaume thelathini na nane walikuwa wanamtazama, sahani mapajani, wali unatoa mvuke.

"Kuleni basi," akasema.

Hakuna aliyekula. Jamali, kuli mkongwe kuliko wote, akasimama. "Mama Monica, asubuhi si nilikwambia mke wangu Mauwa kalazwa tangu jana, uchungu umemkataa? Mbona leo humtaji?"

"Nimemtaja, baba. Nimemwombea moyoni."

"Moyoni mie nitajuaje? Dua zangu nimeshaomba usiku kucha. Nataka na yako niisikie."

Allen akatokea ofisini mbio, tai imekaa upande. Kupitia dirishani alikuwa ameona watu wazima wameshika sahani hawali, na nje malori mawili yanasubiri kupakiwa. Yeye akajua moja kwa moja: mgomo.

"Kuna nini? Chakula kibovu? Mnadai nini?"

"Hatudai kitu, bosi," Jamali akajibu. "Tunasubiri sala."

Macho yote yakarudi kwa Mama Monica, na ya Allen yakiwemo. Mama huyo alikuwa anajua kabisa anachoweza kupoteza. Angeweza kuwabembeleza wale, yakaisha. Badala yake akafuta mikono kwenye kanga, akaokota mwiko, akagonga mfuniko.

"Baba," akaanza, na sauti haikutetemeka, "mwangalie Mauwa, mfungulie salama, yeye na mtoto. Wabariki hawa wanaokula, na mkumbuke ambaye leo hana cha kula. Na huyu Allen, umempa watu wengi wa kuwaongoza na umri wenyewe mdogo, msaidie. Amina."

"Amina," yadi ikaitikia. Jamali akaketi, akatia mkono kwenye wali.

Allen alikuwa amekasirika. "Mama, nilisema nini?"

"Ulisema nisiombe kwa sauti, nami nimeomba. Kesho ukinikatalia getini nitaelewa. Masufuria ni yangu, nitayabeba mwenyewe."

Alitembea kurudi kwake Temeke siku hiyo kichwa juu. Nampenda kwa hilo. Hakujua kama ana kazi, na kwa mara ya kwanza tangu ile sawa ya asubuhi alipumua vizuri.

Kesho yake mlinzi alimfungulia geti kama kawaida. Mauwa alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na Jamali alikuwa akimwambia hivyo kila anayepita. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi mpya yenye sahihi ya Allen: kuanzia leo, mapumziko ya chakula yataanza saa saba kasoro dakika tano badala ya saa saba kamili. Sababu haikuandikwa.

Mama Monica aliisoma mara mbili. Dakika tano! Sala yake haijawahi kufika hata moja. Mchana ule alifumba macho akazitumia zote tano, akawataja wote thelathini na nane, jina kwa jina. Wali ukapoa, na hakuna aliyelalamika.