Nilimuahidi Shetani wa Mgonjwa Wangu, Sasa Anadai

Admin, jina langu lifiche, na wodi ninayofanyia kazi iache hivyo hivyo bila kuitaja. Hii ni mara ya tatu naandika ujumbe huu, mara mbili nimeufuta.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mume na watoto wawili, naishi Michenzani. Ni nesi wa wagonjwa wa akili hapa Unguja, mwaka wa tisa huu. Wanaotaka kuandika "nesi gani huyu" waandike, ila wasome kwanza mpaka chini.

Mwezi uliopita tuliletewa mama mmoja wa vijiji vya mashariki, mkulima wa mwani. Nitamwita Bi Zuwena, si jina lake. Aliwahi kuugua akapona, akaacha dawa, na safari ile watu walimkuta barabarani juani na mtoto wa miezi mitano mgongoni, hajui anakotoka wala anakokwenda. Mtoto alinusurika kwa rehema za Mungu tu. Safari hii alikaa kwetu siku tatu hali chakula, na vidonge anavitema. Daktari akasema kesho yake akikataa tena, tumshike tumchome sindano. Jamani, kumshika mtu kwa nguvu nakuchukia. Nikitoka hapo chakula hakinipiti.

Asubuhi ya siku ya nne nikampelekea dawa. Akaniangalia, ikatoka sauti nzito ambayo si yake: "Kiti changu hakinywi uchafu huo." Kwa asiyejua, kiti ni yule mtu aliyepandwa na shetani.

Chuoni tulifundishwa usibishane na mgonjwa, wala usimkubalie. Lakini mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa kiti, na tangu mdogo nilikuwa nikiwaona wakubwa wanavyozungumza na shetani wake, wakimwita mgeni. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Asalaam alaykum, mgeni."

"Waalaykumu salaam. Nani wewe?"

"Mie ndo ninokitunza kiti chako. Kinaumia, kina njaa. Wataka nini ukiache kinywe dawa?"

Akataka udi, marashi, halua na nguo nyeupe. Na akataka nivipeleke mimi mwenyewe nyumbani kwao, nikae naye mkekani, kabla ya siku arubaini kwisha. Nikasema nimekubali, na yeye akubali kiti chake kinywe dawa kila siku. "Nshakubali," akajibu. Akameza vidonge vyote, kisha kwa sauti yake mwenyewe akaomba uji.

Dada yake, Bi Rukia, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, akasikia kila neno.

Wiki ya tatu Bi Zuwena akaruhusiwa. Kwenye kikao cha asubuhi msimamizi wa wodi akanisifu mbele ya wenzangu, eti mfano wa subira. Nikacheka kama mjinga. Sikusema kitu kwa mtu yeyote, na yale maneno nikajifanya nimeyasahau.

Juzi wakaja kliniki kuchukua dawa. Bi Zuwena kanawiri, katia wanja, anacheka. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Alipotoka kwenda msalani, Bi Rukia akanisogelea.

"Nesi, mgeni wetu anauliza ahadi yake."

"Ahadi gani tena, Bi Rukia?"

"Usinfanye mtoto mdogo. Zimebaki siku sita. Kasema usipokuja, dawa basi. Vitu tutatayarisha sie, wewe tunakutaka kwa miguu yako."

"Hawezi kukaa mtu mwengine badala yangu?"

"Ingekuwa anaweza, mie ningekwishakaa. Aloahidi ni wewe."

Nikamweleza mume wangu. Si mkali, lakini siku hiyo alibadilika uso. "Nesi mzima unakwenda kumtumikia shetani? Hiyo ni shirki, mke wangu, hapana jina jengine." Nikamjibu vibaya, nikamwambia hajapata kuona mtu akishikwa na watu wanne huku analia. Tangu hapo tunasemeshana kwa kupitia watoto. Kazini nako msimamizi akijua, sina uhakika na leseni yangu. Na wenzangu wa kunicheka nawajua, na nawajua pia wale wanaokwenda kwa waganga kwa kujificha.

Nikapanga nimwambie Bi Zuwena ukweli, kwamba zile zilikuwa mbinu za kumpa dawa. Jana kabla sijampigia, akapiga yeye.

"Nesi, mie sikumbuki lolote la siku ile, nshasimuliwa tu. Nakuuliza na usinfiche. Ulipokuwa unasema naye, ulikuwa unamuamini, au ulikuwa unanchezea mie kwa kuwa mwendawazimu?"

Nikisema nilimuamini, ni kama nimemkabidhi kwa huyo shetani maisha yake yote, tena mimi niliyesomea. Nikisema sikumuamini, basi nami ni mmoja wa wale wanaomdanganya, na vidonge anavyovimeza vimetoka mkononi mwangu. Na kuna jambo sijamwambia hata mume wangu. Siku ile sikuwa naigiza. Ilipotoka ile sauti mwili ulinisisimka, nikaamini, na ile ahadi niliitoa kwa moyo wangu wote. Sasa hivi nikiwa nyumbani kwangu mchana kweupe siamini tena, na hilo nalo linanitia wasiwasi.

Nikamwambia nitampigia leo.

"Haya," akasema, "nnakungoja. Dawa ya kesho siitii mdomoni mpaka unijibu."

Ndugu zangu, ni saa tisa na nusu alasiri, na dawa yake anainywa baada ya magharibi. Nikipiga simu hii, nimwambie nini?