Efrazia Akataa Kurudishwa Nyumbani

Efrazia wa kijiji cha Gare alikuwa fundi cherehani asiyekata tamaa upesi. Mitumba iliporuhusiwa ikafurika sokoni Lushoto, mafundi wenzake walifunga mashine zao. Yeye akaanza kupunguza makoti mapana ya Ulaya, na wateja wakamjaa kibarazani.

Mwaka 1993 akagundulika ana saratani ya titi, akapangiwa upasuaji. Siku nne kabla ya siku yenyewe, pasi ya mkaa ilimponyoka mkononi. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Alitaka kumwita mumewe, Rubeni. Sauti ilitoka, jina halikutoka.

Wodini, ndugu walimvuta Rubeni pembeni. "Saratani, na sasa kiharusi! Mrudishe mama wa watu nyumbani akapumzike."

Efrazia alisikia kila neno. Machozi yakamtoka, ya hasira.

Daktari Sefania aliyaona, akaja kuketi karibu naye. "Mama Elinuru, saratani huweza kuifanya damu igande ovyo. Nadhani donge la damu limeziba mshipa kichwani. Tukiiacha saratani, damu itaweza kuganda tena. Tutatibu yote mawili. Ila sikupasui sasa, ubongo kwanza upate nafuu. Nipe wiki sita."

Akamwandikia aspirini na mazoezi.

Rubeni alimkunja na kumnyoosha kiwiko asubuhi na jioni, na Efrazia alisaga meno bila kumwambia aache. Kiswahili kilikuwa kimempotea chote. Kishambaa, lugha aliyozaliwa nayo, ndicho kilichotangulia kurudi, neno moja moja. Wiki ya tatu Rubeni alimuunguza ulimi kwa uji, akatukanwa tusi zima, limenyooka. Akatoka mbio na bakuli mkononi kuwaita wauguzi waje wasikie!

Siku ya upasuaji ilipofika, muuguzi alileta kitanda cha magurudumu. Efrazia akakisukuma kando.

"Nakwenda mwenyewe," alisema, kwa Kiswahili.

Akaenda akiburuta mguu, ameshika ukuta, na wodi nzima ikampigia vigelegele hadi mlangoni.

Titi liliondolewa, jeraha likapona vizuri. Aspirini aliendelea kuimeza, na kiharusi hakikurudi. Miaka sita baadaye Elinuru, binti yake, aliolewa. Ngoma ya mdumange ilipoanza, mama mtu aliingia katikati akacheza mpaka wakwe wakaulizana kama kweli huyu ndiye yule aliyekuwa mgonjwa.