Kukhu, Kalia Mikono

Nilirudi Ndalu kutoka sokoni Kitale nikasikia mwanangu akipiga nduru nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka sita. Shangazi zake wawili walikuwa wamemlaza kwenye gunia, mmoja amemkalia miguu, mwingine amemkandamiza kichwa kwa goti. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kukhu, alishika sindano ya kushonea aliyoichoma motoni.

"Shika vizuri, bana. Huyu ana nguvu kama ndama."

Sikio la kushoto lilikuwa limeshatobolewa. Damu ilitiririka shingoni, na kwenye tundu kulikuwa na kijiti cha ufagio, kama walivyowekewa wote katika boma lile. Kabla sijafika, mtoto alidaka kidole gumba cha Kukhu akakiuma hadi mfupa. Kukhu akamzaba kofi. Nikamsukuma shangazi wa kichwani, akaangukia sufuria.

"Ati unamlea kama yai," Kukhu alisema akifyonza kidole. "Si hata wewe ulitobolewa hivi?"

"Nilitobolewa, na sikio likaoza."

La mwanangu nalo lilivimba, likatoa usaha. Hospitalini Bungoma, muuguzi alichomoa kijiti kipande kwa kipande, mtoto akimpiga mateke ya tumbo. Alitueleza bila kutukaripia: moto wa kuni huacha masizi kwenye sindano, na ufagio umetoka sakafuni. Tuoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tundu lizibe. "Akitaka mwenyewe, mrudi."

Alitaka hereni, tena sana. Lakini kila nilipomsuka nikakaribia sikio, alinirushia ngumi. Niliogopa hatakubali tena kuguswa.

Tundu lilipoziba tukarudi kwa muuguzi, naye Kukhu akatufuata. Muuguzi alinawa, akavaa glavu mpya, akafungua pakiti ya sindano mbele yetu. Mzazi mwenzangu, hapo ndipo pa kutazama. Usipoiona ikifunguliwa, uliza, hakuna ubaya. Akaweka nukta kwa kalamu kwenye kila sikio, akampa mtoto kioo aseme kama ziko sawa.

Kukhu akanyoosha mikono kukishika kichwa, kwa mazoea tu. Mtoto akakunja ngumi.

"Kukhu, kalia mikono," mtoto akasema.

Muuguzi alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Kukhu alikitazama kidole chake chenye kovu, kisha akaiingiza mikono chini ya mapaja.

"Haya. Nimekalia."

Mtoto alihakikisha kwanza. Ndipo akageuza shingo, akampa muuguzi sikio.